Sura ya Tano: E Kubwa, e Ndogo

Jaketi lile nililiuza shilingi mia nne. Lilikuwa la denimu, limechakaa viwikoni, limefifia mgongoni mpaka buluu yake imekuwa kama bahari ya Galu maji yakipwa. Nilikuwa nimelitundika nyuma kabisa ya kibanda changu cha mitumba kwa sababu hapa Ukunda, kwenye joto la pwani, nani ana haja na jaketi? Mzee mmoja wa Kijerumani, ambaye alikuwa akija Diani kila kwao kukiingia baridi, alipita, akalishusha, akakigeuza kile kitambaa kidogo chekundu kilichochomoza pembeni mwa mfuko wa kifuani, akakitazama kwa muda, kisha akauliza bei. Nikamwambia mia tano, nikiwa tayari nimejiandaa kushuka. Akasema mia nne. Tukafunga.

Kesho yake alirudi. Akaagiza chai ya tangawizi kwa mama wa kibanda cha jirani, akakaa kwenye benchi langu na kunionyesha kwenye simu picha za majaketi kama lile, na chini ya kila picha bei yake kwa euro. Akanieleza kwamba kile kitambaa chekundu cha Levi's kilianza kushonwa mwaka 1936, na kwamba mpaka mwaka 1971 jina liliandikwa kwa herufi kubwa tupu. Baada ya hapo herufi e ikawa ndogo. Jaketi langu lilikuwa na E kubwa. Nikamwuliza, sasa mzee, mbona jana hukuniambia? Akajibu kwa Kiswahili chake cha misimu mingi: "Jana mimi mteja. Leo mimi nakunywa chai."

Sikumkasirikia, wala leo simkasirikii. Jaketi lilikaa mikononi mwangu siku kumi na moja. Nililifua mwenyewe, nikalipiga pasi, nikalitundika, nikalihamisha mara mbili. Yeye alilishika kwa muda wa dakika mbili tu akaona nisichokiona mimi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nguo ngapi zenye jina hupita hapa Kwale mkono kwa mkono, kwa akina mama wanaofungua marobota, kwa wachuuzi, kwa mafundi, kwa dobi, na pesa yake ikaja kutulia kwa mtu wa mwisho ambaye hakufanya kazi yoyote ila kuzitambua.

Njia yenyewe ni fupi, na ufupi wake ndio unaoumiza. Mchuuzi wa Ukunda huondoka baada ya swala ya alfajiri: matatu mpaka Likoni, kama kilomita 25, kisha feri, kisha matatu nyingine hadi Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali. Huko robota hukatwa mikanda yake na watu huliinamia kabla halijamalizika kufumuka. Neno lililotoka Gikomba, Nairobi, limeshavuka mpaka huku: nguo za kuchaguliwa kwanza, zile safi kabisa, huitwa kamera. Za mwisho, zilizokanyagwa chini, ni fagia. Anayenunua kamera hulipa nguo moja moja, na kwa bei ya juu. Asiye na mtaji huo hununua robota zima lililofungwa, akalibeba hadi nyumbani bila kujua ndani mna nini, akimwachia Mungu.

Chukua robota la mashati la kilo 45. Hutoa mashati kama mia mbili, zaidi au pungufu kulingana na uzito wa kitambaa. Tuseme limekugharimu shilingi 20,000 mpaka kufika kibandani. Kila shati limekusimamia shilingi mia. Hesabu ya wengi wetu huishia hapo: nikiuza mia na hamsini nimepata hamsini, nikiuza mia mbili nimepata mia. Ndiyo maana soko zima linapiga kelele ya bei moja. Sasa tuseme ndani ya yale mia mbili yamo matatu ya kitani safi, yenye jina linalojulikana, yasiyo na doa. Ukiyatenga na kuyauza 3,500 kila moja, matatu hayo peke yake yamekurudishia zaidi ya nusu ya mtaji. Ukiyatupa kwenye lundo, yatauzwa mia na hamsini kila moja, na kabla ya Ijumaa utaliona moja limetundikwa kwenye duka dogo la barabara ya ufukweni Diani, kilomita tatu au nne kutoka mahali uliposimama ukiita wateja.

Na matatu ni bahati. Nguo hizi hazitufikii zikiwa nzima kama zilivyotoka kabatini mwa mwenyewe. Huko zinakokusanywa kuna watu wanaolipwa kuzichambua. Shirika la misaada la Oxfam, kwa mfano, lilianzisha kituo chake cha kuchambua nguo, Wastesaver, huko Huddersfield, Uingereza, mwaka 1974. Yenye jina hutolewa mapema na kuuzwa hukohuko. Siku hizi hata kabla ya kufika kwa mchambuzi, mwenye nguo huiuza mwenyewe kwenye programu za simu kama Vinted au Vestiaire Collective. Wauzaji wa zamani wa Ukunda husema mali imeshuka, na mimi nakubaliana nao. Kinachoingia robotani leo ni kile kilichoyapita macho mengi. Kwa hiyo ukikiona, ujue umeona walichokikosa waliosomea kazi hiyo.

Watanzania wa zamani waliziita nguo hizi kafa Ulaya, kana kwamba kila shati limevuliwa maiti. Waganda wanasema mivumba, Wanyarwanda caguwa. Jina letu la mitumba linatokana na mtumba wenyewe, mzigo uliofungwa, na nadhani ni jina la heshima kuliko yote kwa sababu linataja kazi, halimtaji marehemu. Kazi hiyo si ndogo. Taasisi ya Masuala ya Uchumi ya Nairobi ilikadiria kwamba mwaka 2019 Kenya iliingiza tani 185,000 za nguo kuukuu. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuziondoa sokoni kufikia 2019 ili viwanda vya nguo vya eneo hili vipumue. Wafanyabiashara wa nguo hizo wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, mpango wa biashara wa AGOA ukatiwa hatarini, na Kenya ikarudi nyuma. Rwanda haikurudi, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Sina jibu jepesi kuhusu viwanda. Nimevaa mashati ya kiwanda chetu cha Rivatex na niliyapenda. Lakini mjadala ule ulifanyika mbali sana na yule mama anayelipia karo kwa robota.

Mwaka 2020 mjadala uliingia nyumbani kwetu. Mwezi Machi serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mitumba kwa sababu ya korona. Mwezi Aprili Kwale, pamoja na Mombasa na Kilifi, ikafungwa: hakuna kuingia wala kutoka mpaka Juni. Hoteli za Diani zikawa na walinzi na tumbili peke yao. Ilipofika Agosti marufuku ikaondolewa, lakini katika miezi ile nilijifunza jambo ambalo msimu wa neema ungenificha. Bila robota jipya nililazimika kuitazama mali ileile niliyokuwa nayo. Nguo kama sitini hivi. Nikaanza kuzisoma.

Kusoma nguo huanza na vidole, macho huja baadaye. Kitani ukikikunja kwenye kiganja hubaki na mikunjo mikali na hutoa ubaridi. Hariri huteleza na kupata joto haraka. Ukiwa na shaka, vuta uzi mmoja kutoka ndani ya mshono na uuchome kwa kiberiti mbali na nguo: hariri na sufu hunuka kama nywele zilizoungua, pamba na kitani hunuka karatasi, na poliesta huyeyuka na kuacha kitonge kigumu. Jaribio hilo haligharimu hata senti moja, na limeniokoa mara nyingi kwa skafu zilizoandikwa hariri na zisiwe hariri.

Halafu vifungo. Hapa mtu wa pwani ana nafasi ambayo mtu wa bara hana, kwa sababu tumekua tukiokota chaza na kombe. Shati zuri mara nyingi lina vifungo vya gamba la chaza, na fulana za Lacoste za mtindo ule wa zamani pia zina hivyo, vya matundu mawili. Kibandike kifungo shavuni. Gamba ni baridi, na hubaki baridi kwa muda hata juani Ukunda. Plastiki huwa vuguvugu papo hapo. Kigeuze na nyuma: gamba la kweli mara nyingi lina dosari, mstari wa kahawia au kidoa, kwa sababu kiumbe hai ndicho kilichokijenga. Kifungo kisicho na dosari hata moja nakitilia shaka. Kisha pekua ndani ya mshono wa ubavuni, pale chini. Nguo nyingi nzuri zimeshonewa hapo kifungo cha akiba. Fundi asiyejua hukitoa na kukitupa pamoja na nyuzi, akaja kukushonea kingine cha shilingi tano mbele, na shati la elfu tatu likawa la mia tano.

Mistari na miraba lazima ikutane. Shati la mistari lenye mfuko: mistari ya mfuko iendane na ya kifua kana kwamba mfuko haupo. Mshono wa bega, mshono wa ubavu, kola ikigawanyika kati, kote humo kitambaa kinapotezwa ili kukutanisha mistari, na kitambaa ni pesa, kwa hiyo mshonaji wa nguo rahisi hakubali kupoteza. Hii ni alama ninayoiamini kuliko lebo. Lebo inaweza kushonwa na yeyote mwenye cherehani.

Ndiyo, tuzungumzie feki. Wengi wanaamini nguo iliyotoka Ulaya haiwezi kuwa feki. Si kweli. Mtalii wa Ulaya huenda likizo Uturuki au Thailand, hununua fulana ya jina kubwa kwa bei ya chai, akaichoka, akaitoa sadaka, ikaingia robotani na kukufikia wewe ikiwa na harufu ya Ulaya. Kwa nguo za Marekani tafuta kwenye lebo herufi RN na tarakimu zinazofuata. Ni namba ya usajili wa kampuni huko kwao, na orodha yake iko wazi kwenye intaneti. Ukiiandika kwenye simu utajua ni nani aliyeiandikisha. Jina la mbele likiwa moja na namba ikaonyesha kampuni isiyohusiana nalo, tulia kwanza. Hata ile E kubwa inahitaji mwenzake: Levi's wenyewe wametengeneza upya mitindo yao ya kale na kuirudishia E kubwa. Tofauti utaikuta ndani, kwa kuwa nguo mpya ina kitambaa cha maelezo ya kufua kilichoshonewa, na yale majaketi ya kale hayana. Na ukigundua kwamba ni feki, usiiuze kwa jina hilo. Tunayo sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu mwaka 2008, lakini mimi nasema hivi kwa sababu nyingine. Diani ni mji mdogo. Mwenye duka aliyemwuzia mgeni feki mara moja hujulikana kutoka Tiwi hadi Gazi kabla ya masika.

Baada ya kusoma huja kufua, na hapa bahari ni adui. Visima vingi vya Diani na Ukunda vina maji ya chumvichumvi. Jinzi inastahimili. Hariri hutoka ikiwa ngumu kama karatasi, na kitani cheupe hupata rangi ya majivu baada ya mafuo matatu. Mimi huvuna maji ya mvua ya masika kwenye mapipa mawili ya buluu, na mapipa hayo hayaguswi kwa kupikia wala kuogea. Ni ya nguo nyeupe na za hariri tu, na nyumbani kwangu kila mtu ameshazoea. Hanga za waya nimeziacha kabisa, kwa kuwa hewa ya bahari huzitia kutu ndani ya mwezi mmoja na kuacha alama mbili za kahawia mabegani ambazo hazitoki. Zipu za chuma hupakwa nta ya mshumaa. Nguo haiwekwi ndani ya mfuko wa nailoni msimu wa mvua, maana itaota ukungu, na ukungu ukishaingia kwenye sufu huwezi kumdanganya mtu mwenye pua.

Pua ni jambo kubwa. Kila robota lina harufu yake, ile ya dawa na ya kufungiwa kwa miezi, na mnunuzi wa bei nzuri akiisikia tu anaikumbuka bei ya sokoni. Bibi yangu alikuwa akizifukiza nguo zake za Idd kwa udi, kaa moja kwenye chetezo, nguo imetandazwa juu ya tenga la ukindu. Nilijaribu hivyo kwa mali yangu na nikakosea: udi ulikaa ndani ya kitambaa na mteja mmoja wa Uswisi akanirudishia blauzi akisema inamwumiza kichwa. Sasa natumia udi kwa nguo za wateja wa hapa, hasa wanaokwenda harusini, ambao huufurahia. Za wageni nazitundika usiku kwenye veranda ya makuti, upande wa upepo wa kusi, siku tatu mfululizo, na kuzitoa kabla ya umande wa alfajiri. Upepo unatosha.

Si mali yote inayotoka robotani. Diani ina chanzo kingine ambacho watu wa Nairobi wanatuonea wivu nacho: wageni wanaohama, na wageni wanaoondoka na mizigo iliyozidi uzito. Mtu amekaa miaka sita Galu, anarudi kwao, kabati zima anamwachia dada anayemfanyia kazi. Mfanyakazi wa hoteli hupewa viatu, magauni, mkoba. Sasa kila anayefanya kazi hotelini anajua kwamba hawezi kutoka getini na mkoba wa ngozi mkononi bila karatasi. Mgeni huandika: mimi fulani, wa chumba fulani, nimempa fulani vitu hivi kwa hiari yangu, akatia sahihi na tarehe. Askari wa getini husoma, huandika kitabuni, na dada anapita.

Karatasi hiyo watu huitupa wakifika kituo cha tuktuk. Nawasihi, msiitupe. Ni ushahidi kwamba mali ni halali, kwanza, na hilo peke yake lamtosha mwenye duka asiyetaka kesi. Lakini pia ni hadithi ya nguo: ilivaliwa na nani, ilitoka wapi, ilifika lini. Mkoba wa ngozi bila karatasi niliwahi kuukataa. Mkoba wa aina ileile wenye karatasi nimeuuza mara mbili ya bei niliyoifikiria. Jina la mgeni nalifunika kwa kidole ninapomwonyesha mteja, maana si langu kulitangaza.

Wanaoleta nguo hizi mara nyingi hawataki kuziuza wenyewe, na sina mtaji wa kuzinunua zote papo hapo. Tunafanya mali kauli, kama walivyofanya babu zetu na mizigo ya majahazi: naichukua, naiuza, nakulipa. Mali kauli imevunja undugu mwingi huku kwetu kwa sababu moja, kwamba watu hutaja mwisho wa biashara wakasahau katikati yake. Nimejifunza kuandika kwenye daftari la kurasa mbili zinazofanana: nguo gani, ina kasoro gani (tukizitazama sote wawili, mchana), bei ya kuanzia, bei ya chini kabisa ambayo siwezi kuivuka bila kukupigia simu, fungu lako na langu, na siku ya kuirudisha ikikosa mnunuzi. Mimi hutoa sita kwa kumi kwa mwenye mali. Wapo wanaosema nimezidisha. Lakini dada wa hotelini akilipwa vizuri mara moja huwaambia wenzake wa zamu yake, na hiyo ndiyo bohari yangu.

Kuhusu bei yenyewe nitasema mambo machache. La kwanza ni kipimo. Mwanamke mmoja, mwili uleule: lebo ya Italia itamwita 44, ya Ufaransa 40, ya Ujerumani 38, ya Uingereza 12, ya Marekani 8. Katika barabara ya Diani wageni wa nchi zote hizo watapita kabla ya adhuhuri, na kila mmoja ataisoma namba kwa macho ya kwao, ataona haimtoshi, atairudisha. Nilipoanza kupima kwa futi ya fundi na kuandika kwenye kikaratasi upana wa kifua, kiuno na urefu kwa sentimita, mauzo ya magauni yalibadilika ndani ya msimu mmoja. La pili ni kasoro. Ionyeshe wewe kwanza. Tundu dogo la nondo likitajwa na muuzaji hupunguza mia mbili, na likigunduliwa na mteja hupunguza nusu, kwa sababu sasa anatafuta jingine. La tatu ni majira. Kuanzia katikati ya Desemba mpaka Pasaka, na tena Julai na Agosti, kitani na hariri zina wenyewe. Mei na Juni barabara imelowa na maduka yamefungwa nusu, na atakayeuza shati la elfu tatu kwa mia nane mwezi huo kwa kuwa karo imefika ana haki yake, nami simlaumu. Ninachoshauri ni kuwa na mali ya aina mbili, ya kula na ya kungoja.

  

Si kila bei nzuri ni ya mtalii. Siku moja alikuja mwalimu kutoka Msambweni, mtu wa makamo, alikuwa na mahojiano ya kupandishwa cheo wiki iliyofuata. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, macho yake tayari yako kwenye suti ya kijivu ya Hugo Boss niliyokuwa nimeitenga.

"Hii ni bei gani, mwanangu?"

"Elfu tatu na mia tano, mwalimu."

"Hilo jina litanisaidia nini mbele ya wale watu?"

Swali lilikuwa la haki. Nikamwambia jina halitamsaidia kitu, hakuna atakayelifungua koti lake kulisoma. Nikamwomba alibane koti kifuani kwa vidole viwili, kisha aachanishe kitambaa cha nje na cha ndani. Katikati akasikia kitambaa cha tatu kinachocheza peke yake. Hicho ndicho kinacholishika bega, nikamwambia. Suti rahisi haina, imebandikwa kwa gundi, na ukiifua mara tano kifua kinafura mapovu. Akalivaa. Tukanyamaza sote wawili, kwa sababu lilimkaa. Alilipa kwa mafungu matatu kwa M-Pesa, la mwisho likaja siku mbili kabla ya ahadi. Mgeni wa Diani ningemwuzia jina. Kwa mwalimu niliuza bega, na bei ilikuwa ileile.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Idd, nilikuwa sokoni Ukunda kwa mama mmoja anayefungua robota la mashati ya kiume kila Jumanne. Binti yake, wa kidato cha pili, amefunga shule, alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni yake akipokea kila shati kabla halijatupwa kwenye lundo. Watu walikuwa wameshajaa, mikono imenyooshwa, mama anaita mia na hamsini, mia na hamsini. Binti alikuwa akifanya kazi bila haraka: mfuko, mshono wa ubavu, lundoni. Mfuko, mshono, lundoni. Likaja jeupe lenye mistari myembamba ya buluu. Akautazama mfuko kwa karibu, akainua kola, kisha akakibandika kifungo cha juu shavuni na kufumba macho kidogo.

"Baridi, Mama," akasema.

Mama hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, akalipokea, akalikunja mara mbili na kulitia chini ya leso aliyokalia. Kijana mmoja aliyekuwa mbele alikuwa ameona. "Hilo jeupe, mama, hilo ni ngapi?"

"Hilo bado," akamwambia, na kuendelea kuita.